Saa za kroskantri kutoka Dodoma: kuzipanga mpaka zitoshe leseni ya ATPL

Rubani aliyemaliza chuo na kupata leseni ya biashara huwa na saa 200 hivi za kuruka kwenye kitabu chake cha kumbukumbu. Leseni ya ATPL, ile inayomwezesha mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inataka 1,500. Wengi huikodolea macho hiyo 1,500 wakasahau kwamba ndani yake kuna vibaba, na kila kibaba hupimwa peke yake. Mtu aweza kufika kaunta na saa 1,620, kumbe za kroskantri, yaani safari za kutoka mahali hadi mahali, akiwa rubani mkuu ni 83. Jumla imezidi, ombi limekwama. Sasa anarudi kukodi ndege kwa fedha yake kufukuzia saa 17 ambazo angekuwa nazo siku nyingi kama angepanga safari zake mapema.

Vibaba vyenyewe

Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kimo kwenye Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago. Kati ya saa 1,500 za ndege lazima ziwemo:

- saa 250 za urubani mkuu (PIC), ambazo angalau 70 ziwe zako kabisa na zilizobaki zaweza kuwa za urubani mkuu chini ya usimamizi, yaani unaongoza huku kapteni akikusimamia; au, kwa njia nyingine, saa 500 za urubani mkuu chini ya usimamizi;
- saa 200 za kroskantri, na kati yake 100 ukiwa PIC au PIC chini ya usimamizi;
- saa 75 za vyombo, yaani kuruka bila kutegemea kuona nje, na za simuleta (mashine ya ardhini inayoiga ndege) zisizidi 30;
- saa 100 za usiku, ukiwa PIC au rubani msaidizi.

Umri usiwe chini ya miaka 21. Katika jumla ya 1,500, saa za simuleta hazipokelewi zaidi ya 100. Tanzania ni mwanachama wa ICAO na kanuni zake za leseni zinafuata mkondo huo, ila neno la mwisho ni toleo la kanuni linalotumika siku unayopeleka ombi TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania. Lichukue, lisome mwenyewe, usiishi kwa maneno ya kantini.

Ukiwa na nia ya kubadilisha leseni iwe ya Marekani siku moja, hesabu ni nyingine. FAA, mamlaka ya anga ya huko, inataka kroskantri 500, usiku 100, vyombo 75, na PIC 250 ambazo ndani yake 100 ni kroskantri na 25 ni za usiku. Umri ni miaka 23. Anayetaka kuacha milango yote miwili wazi apange kwa 500 tangu siku ya kwanza, kwa sababu saa ambayo hukuiandika kama kroskantri leo ni kazi kuithibitisha miaka sita baadaye.

Vibaba hivi haviwekwi kimoja baada ya kingine kama matofali, vinapandana. Saa moja iliyorukwa usiku, kutoka Dar es Salaam kuja Dodoma, kwa vyombo, wewe ukiwa PIC, inaingia kwenye safu zote nne. Saa moja ya kuzunguka uwanja mchana ukigusa na kupaa inaingia safu moja tu, ya PIC. Mafuta yaliyochomwa ni yaleyale. Kwa hiyo kabla ya kukodi ndege, jiulize saa hiyo itajaza safu ngapi. Ikiwa ni moja tu, na si ya kujinoa kabla ya mtihani, safari hiyo inaweza kusubiri.

Kroskantri ni nini hasa

Hapa ndipo watu hupotea. Kwa tafsiri inayotumika Ulaya, kroskantri ni safari kutoka mahali pa kuondokea hadi mahali pa kufikia, kwa njia iliyopangwa kabla, ukitumia taratibu za kawaida za uongozaji ndege. Umbali hautajwi. Kwa Marekani umbali ndio kila kitu. Kwa leseni ya biashara, safari lazima iwe na kutua mahali palipo zaidi ya maili 50 za baharini, kwa mstari mnyoofu, kutoka ulipoondokea mwanzo. Kwa ATP, ambayo ndiyo ATPL yao, kufika zaidi ya maili hizo 50 kunatosha hata usipotua.

Ushauri wetu ni kupanga kila safari ivuke maili 50 na itue huko. Safari ya namna hiyo haibishaniwi na mkaguzi yeyote.

Chukua chati, weka bikari katikati ya uwanja wa Dodoma (HTDO), chora duara la maili 50. Mpwapwa, ambayo kwa basi unaiona mbali, iko maili 45 tu kwa mstari mnyoofu: iko ndani ya duara. Kongwa ni 40, nayo ndani. Mtu anaweza kwenda Mpwapwa mara thelathini akaandika zote kroskantri, zikaja kufutwa zote kwa mkupuo. Manyoni iko kama 60, Kondoa 76, Iringa 90, Singida 103, Morogoro 119, Arusha 176, Tabora 186, Dar es Salaam 210, Mwanza 280. Kuwa katikati ya nchi kuna raha yake: kila upande una kiwanja nje ya duara, na unaweza kubadilisha ardhi na hali ya hewa bila kubadilisha kambi.

Namba hizo zimepimwa kutoka uwanja wa mjini. Ukiruka kutoka Msalato, upande wa kaskazini wa jiji, pima upya. Iringa inasogea mbali kidogo na Kondoa inakaribia.

Safari ya kufundishia mkono: Dodoma hadi Iringa

Ramani imetupa zawadi hapa. HTDO iko kwenye latitudo 6°10′ kusini na longitudo 35°45′ mashariki. Nduli ya Iringa (HTIR) iko 7°40′ kusini, kwenye longitudo ileile ya 35°45′. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini. Kwa hiyo Iringa iko kusini moja kwa moja, maili 90, na huhitaji hata rula kujua. Zaidi ya hapo, mstari wa latitudo 7 kamili uko maili 50 kutoka Dodoma. Ukiuvuka kwenye GPS, umeshatoka nje ya duara la Mmarekani.

Njia ni 180 kwa ramani, mpakani kabisa pa kanuni ya nusu duara. Juu ya futi 3,000 kutoka ardhini, anayeruka VFR (kwa kuona nje kwa macho) kwa njia ya sumaku 000 hadi 179 hutumia maelfu ya witiri na kuongeza 500. Wa 180 hadi 359 hutumia ya shufwa na kuongeza 500. Digrii moja ya mkengeuko wa sumaku, yaani tofauti ya kaskazini ya dira na ya ramani, ndiyo inayoamua uko upande gani. Soma mkengeuko kwenye chati mpya, kwa sababu husogea mwaka hadi mwaka, kisha amua. Ikitoka 180 au 181, unakwenda kwa futi 8,500 na kurudi kwa 7,500 au 9,500.

Ardhi yenyewe inadanganya. Dodoma ni futi 3,673 juu ya usawa wa bahari. Ukielekea kusini ardhi inashuka mpaka bwawa la Mtera, ambalo likijaa lina kama mita 698, yaani futi 2,290. Kisha inapanda kuelekea milima ya Nyang'oro na tambarare ya Iringa, na Nduli iko futi 4,678. Anayeshuka chini kidogo kuangalia viboko wa Mtera (wengi hufanya hivyo, hata wakikana) atakuta mbele yake ukuta wa vilima huku injini ikiwa imechoka na joto. Kaa 8,500 mpaka uione njia ya kurukia ya Nduli.

Alama za njiani ni nzuri. Toka juu ya jiji, majengo ya UDOM yakiwa kushoto. Barabara ya Iringa itakuwa karibu nawe kwa sehemu kubwa, na ukingo wa Mtera unauona mapema siku ya hewa safi. Kwa ndege ya noti 105, yaani maili 105 za baharini kwa saa, maili 50 ni dakika 29. Kama dakika ya 33 imefika na maji hayako chini yako wala mbele karibu, upepo si ule uliopewa. Kokotoa kasi yako halisi hapohapo na utazame mafuta, usisubiri Nduli. Ukuta wa bwawa wenyewe uko mashariki ya mstari wako. Ukijikuta juu yake umesukumwa kushoto. Mgeni wa njia hii hukosea kwa kulifanya bwawa zima kuwa alama moja. Ni refu, na linapanuka na kusinyaa kwa misimu. Tumia ukuta na daraja lake, si ukingo wa maji.

Kwenda na kurudi, pamoja na kutembea ardhini, ni kama saa 2 na dakika 10. Safari 47 za namna hii ndizo saa 100 za kroskantri ya PIC. Usizifanye zote Iringa, maana baada ya safari ya kumi ubongo unalala na huchoti tena kitu. Lakini za kwanza kumi zifanye hapo, mpaka uweze kukadiria muda wa kila alama ndani ya dakika mbili.

Joto na mwinuko

Hili ndilo linaloharibu ndege na watu katika kanda ya kati, kwa hiyo tulieleze polepole. Kwa hewa ya kawaida ya kitabu, Dodoma ingepaswa kuwa na nyuzi 8 hivi. Mchana wa Oktoba ina 30. Kila nyuzi moja iliyozidi huongeza futi 120 hivi kwenye mwinuko ambao injini na bawa vinauhisi. Nyuzi 22 zilizozidi ni futi 2,640 na ushee. Jumlisha na 3,673: ndege inajiona iko futi 6,300 kabla gurudumu halijaondoka ardhini. Kwa Nduli, nyuzi 28 zinakupa zaidi ya futi 7,300.

Matokeo yake ni matatu. La kwanza, injini isiyo na turbo ya kuisukumia hewa inapumua hewa nyepesi na nguvu inapungua, halafu mchanganyiko wa mafuta unakuwa mzito mno. Mwongozo wa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, unataka upunguze mafuta kabla ya kupaa kwenye viwanja vya zaidi ya futi 3,000: fungua nguvu zote, vuta kitasa cha mikscha polepole mpaka mizunguko ifike juu kabisa. Aliyejifunza usawa wa bahari, Dar au Tanga, huacha kitasa mbele chote kwa mazoea. Ndege inakimbia, inakimbia, haipandi. La pili, noti 65 unazoziona kwenye kipimo wakati wa kutua ni kama noti 71 kwa kweli, na ardhi inapita kwa kasi usiyoizoea. Usivute pua kwa kudhani uko mbio. Amini kipimo, na ujue utatumia njia ndefu zaidi kusimama. La tatu, mwendo wa kupanda ni mdogo, kwa hiyo chagua upande wa kugeukia baada ya kupaa ambao hauna vilima.

Dawa ni saa. Kuanzia Mei hadi Novemba, washa injini jua linapochomoza na uwe umetua kabla ya saa tano asubuhi. Baada ya hapo vumbi linaanza kuzunguka. Kisulisuli kinachopita kwenye njia ya kurukia kinaweza kunyanyua bawa moja sekunde unayogusa ardhi. Ukikiona karibu, ongeza nguvu na uzunguke tena. Kuanzia Desemba hadi Aprili mchezo ni mwingine. Asubuhi mara nyingi ni njema, mawingu yanajengeka mchana, na ya Iringa na Morogoro hukaa juu ya milima mapema kuliko ya Dodoma. Utabiri wa viwanja upate kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na upigie simu kiwanja unachoenda umuulize aliyepo anaona nini kwa macho.

Mafuta na upepo

Cessna 172N yenye matangi ya kawaida ina lita 151 zinazotumika. 172S ina kama 200. Weka matumizi ya lita 34 kwa saa, ukikuta ndege yako inatumia pungufu ni baraka. Kiwango cha chini cha akiba kwa VFR ya mchana ni dakika 30. Kwa kanda hii sisi tunasema saa nzima, kwa sababu kiwanja mbadala chenye lami hakiko jirani.

Pembetatu ya mashariki: Dodoma, Iringa, Morogoro, Dodoma. Maili 90, kisha 124, kisha 119. Jumla 333, ambazo ni kilomita 617. Ukisimama kabisa Iringa na Morogoro, safari hii inatimiza pia ile ya kilomita 540 inayotakiwa kwa leseni ya biashara. Kwa noti 105 bila upepo ni saa 3 na dakika 10: lita 108, za kuwasha na kutembea 4, akiba ya saa moja 34, jumla 146. Kwa 172N zinabaki lita 5. Kwenye karatasi inatosha, angani hapana. Tumia 172S au pata mafuta njiani. Kipande cha Iringa na Morogoro kinapita juu ya ncha ya milima ya Rubeho na mabonde ya mto Ruaha Mkuu, ambako pa kutua kwa dharura ni haba. Asiye na saa 100 za PIC afuate barabara kuu ya Mikumi, hata kama inaongeza maili.

Pembetatu ya magharibi: Dodoma, Tabora, Singida, Dodoma. Maili 186, 114 na 103, jumla 403. Ardhi ni tulivu zaidi, na reli ya kati inakushika mkono kupitia Bahi, Manyoni na Itigi mpaka Tabora. Jihadhari tu na bonde la ufa kati ya Bahi na Manyoni, ardhi inapanda ghafla. Baada ya Itigi ni pori hadi macho yachoke, reli usiiache. Hesabu: saa 3 na dakika 50, lita 131, na 4, na 34. Hizo ni 169. 172N haiwezi. Ukiikuta imepangwa hivyo kwenye ubao wa klabu, ifute.

Upepo wa kiangazi hutoka mashariki, na Dodoma iko mashariki ya Tabora na Singida. Kwa hiyo unasukumwa kwenda na unazuiwa kurudi, saa ambazo matangi yameshapungua na jua limeshapanda. Chukua upepo wa noti 20. Kwenda Tabora ni noti 125, saa 1 na dakika 29. Kurudi ni noti 85, saa 2 na dakika 11. Kwa pamoja saa 3:40, wakati bila upepo ingekuwa 3:33. Watu hudhani unachopewa ukienda ndicho unachonyang'anywa ukirudi, ngoma droo. Si kweli: unakaa muda mrefu zaidi kwenye upepo mbaya kuliko mzuri. Pembetatu ya mashariki ni afadhali hapo ukianza na Morogoro, maana unaupiga upepo kifua kwa kifua matangi yakiwa yamejaa.

Mafuta bara ni jambo la kupiga simu, si la kudhani. Avgas ya 100LL, mafuta ya injini za ndege hizi ndogo, ni ya buluu. Jet A-1 haina rangi au ni ya manjano hafifu. Viwanja vya mikoani vinavyohudumia ndege za turbini vinaweza kuwa na Jet A-1 tu. Simama mwenyewe wakati wa kujaza, toa sampuli, itazame kwenye mwanga, na pima tangi kwa kijiti. Geji za mafuta za ndege hizi ni za kupoza moyo tu.

Na saa ya Kiswahili imeshawaponza watu. Ukimwambia mtu wa mafuta "nafika saa nne", yeye anaelewa saa nne asubuhi: 10:00 kwa saa ya ukutani, 07:00 kwa UTC (saa ya kimataifa) uliyoandika kwenye mpango wa safari. Rubani aliyesoma nje akimaanisha 04:00 ya UTC atamkosa kwa saa tatu kamili. Taja asubuhi, na urudie kwa namba za ukutani.

Mpango wa safari upelekwe hata kama unaruka VFR, na ufungwe ukifika. Ukisahau kuufunga, watu wanaanza kukutafuta. Soma notamu, matangazo rasmi kwa marubani, asubuhi hiyohiyo. Dodoma ni makao makuu ya nchi: msafara wa kiongozi ukiwa hewani unaweza kukusimamisha ardhini au kukuzungusha nje, na kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, uwanja huwa na shughuli nyingi. Akiba ya saa nzima unaanza kuielewa siku hizo.

Kwa viwanja vya udongo, pita kwanza juu, chini ya mzunguko wa kawaida, uangalie mbuzi, baiskeli na mashimo ya mvua. Uwe umeomba ruhusa ya anayekisimamia kabla hujaondoka.

Usiku na vyombo

Saa 100 za usiku ndizo ngumu kuliko zote hapa, kwa kuwa viwanja vingi vya mikoani havina taa. Usizichome fedha kuzikusanya kwa ndege ndogo. Pata zinazohitajika kwa leseni ya biashara na kibali cha kuruka kwa vyombo, nyingine zisubiri kazi: rubani msaidizi wa ndege ya shirika anazipata bila jasho, nazo zinakubaliwa. Anayelenga Marekani ndiye mwenye shida, anadaiwa 25 za PIC.

Vyombo ni tofauti. Simuleta inakupa mpaka 30 kati ya 75, na ni nafuu kuliko hewani. Zinazobaki zifanye juu ya kroskantri, si juu ya uwanja: safari ya Arusha na mwalimu wa vyombo, umevaa kifuniko cha macho tangu futi 1,000 baada ya kupaa, inajaza kroskantri na vyombo kwa pamoja.

Nani anaandika nini

Marubani wawili wakigawana gharama za Cessna 172, PIC ni mmoja kwa kila kipande. Wa kwanza arushe kwenda na kutua Singida, wazime injini, wabadilishane kiti, wa pili arushe kurudi. Kila mmoja anaandika kipande chake. Yule wa pembeni ni abiria, hata kama ndiye aliyeshika redio na chati. Marekani ina msamaha kwa rubani wa usalama mwenzake akiwa amefunikwa macho: anaweza kuandika muda huo, lakini si kama kroskantri.

Ukiajiriwa kukaa kulia kwenye ndege iliyothibitishwa kwa rubani mmoja, kama Caravan, ambayo mamlaka imetaka iwe na rubani wa pili, kwa ICAO saa zako kwa kawaida zinahesabiwa nusu kuelekea leseni ya juu. Saa 600 za kiti cha kulia ni 300. Kwenye ndege iliyothibitishwa kwa marubani wawili zinaingia zote. Kama unachagua kati ya ofa mbili, hilo liwe mezani kabla ya mshahara. Mwalimu wa urubani naye anaandika PIC kwa kila saa anayofundisha, na kroskantri za wanafunzi alizokaa nao ni zake pia. Ile ya mwanafunzi peke yake si yake.

Kitabu

Muda wa kuruka, kwa ICAO, ni tangu ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kupaa mpaka inaposimama mwisho wa safari. Si tangu injini inapowaka, wala si saa ya takometa, kipimo cha mizunguko ya injini. Mfano wa mstari mmoja uliokaa sawa: umeondoka saa 1:05 asubuhi, unaandika 04:05 UTC, umesimama Nduli 05:10. Aina C172, usajili, HTDO–HTIR, muda 1:05, PIC 1:05, kroskantri 1:05, usiku 0, vyombo 0. Kwenye maelezo andika "90 NM, kusimama kabisa". Kurudi ni mstari mwingine. Ukiunganisha vipande viwili kwenye mstari mmoja bila kutaja ulikotua, umempa mkaguzi sababu ya kukuuliza.

Andika siku hiyohiyo kwa wino. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika sahihi juu yake, weka herufi za jina lako. Usitumie wino mweupe. Chagua dakika au desimali na ushikilie moja: 1:05 ni 1.1, si 1.05, na kosa hilo likirudiwa ukurasa mzima linahamisha saa nzima. Saa za PIC chini ya usimamizi zisainiwe na kapteni wiki hiyohiyo, kwa namba ya leseni yake. Makapteni huhama mashirika na nchi, na sahihi ya miaka minne nyuma haifuatiliki. Muda wako unaweza kulinganishwa na kumbukumbu za ndege yenyewe, kwa hiyo kabla ya kufunga ukurasa upitishe kidole kwenye kitabu cha ndege cha klabu, mstari kwa mstari. Kisha jumlisha safu zote chini ya ukurasa, piga picha na uitume kwenye barua pepe yako. Moto na mvua havijui una saa ngapi.